Poti ya USB Ikigoma: Wasikilize Windows na Linux Kabla ya Fundi

Umechomeka flashi. Taa yake haikuwaka, kompyuta haikutoa ule mlio wake wa kawaida, na kwenye skrini hakuna kilichobadilika. Umeichomoa, ukaipuliza, ukaigeuza, ukaichomeka tena, bado kimya. Hapo wengi hutoa hukumu papo hapo: poti imekufa. Hukumu hiyo ikishatamkwa, kinachofuata ni safari ya kwenda kwa fundi, ambaye mara nyingi ana majibu mawili ya haraka, ama kupiga Windows upya ama kubadilisha poti. La kwanza linaweza kukugharimu faili zako, la pili linakugharimu fedha, na yote mawili yanaweza kufanyika bila ugonjwa wenyewe kujulikana. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye laptopu yenye mifumo endeshi miwili, Windows na Linux (iwe Ubuntu, Linux Mint au nyingine), na hoja yake ni moja: mtu huyu anacho kipimo ambacho mwenye mfumo mmoja hana, na ni kosa kumpa mtu mwingine laptopu kabla ya kukitumia.

Kipimo chenyewe ni hiki. Mifumo yako miwili inatumia vyuma vilevile: poti zilezile, nyaya zilezile, chipu ileile inayosimamia USB. Kinachotofautiana ni programu tu. Poti ikigoma ndani ya Windows na ikafanya kazi vizuri ndani ya Linux, huwezi kusema imekufa. Ikigoma kotekote, shaka inahamia kwenye chuma. Ni mashahidi wawili waliokuwa chumba kimoja bila kusikilizana. Mwenye Windows pekee huambiwa awashe kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi ili apate shahidi wa pili, lakini flashi inahitaji poti, na poti ndiyo mgonjwa. Linux yako imo ndani ya diski tayari. Na kundi hili linakua: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na wapo wenye mashine zisizokubali Windows 11 walioweka Linux pembeni badala ya kununua laptopu mpya.

Njia anayopita mgeni

Kabla ya kushika chochote, elewa kwamba flashi haifiki kwenye skrini kwa mruko mmoja. Inaanzia kwenye vijimeno vya shaba ndani ya poti. Kutoka hapo, kwenye laptopu nyingi, inapita kibao kidogo cha pembeni kilichounganishwa na ubao mkuu (ule mafundi wanaouita madabodi) kwa utepe mwembamba bapa. Kisha inafika kwenye kidhibiti cha USB, inapokewa na BIOS wakati wa kuwaka au na draiva za mfumo baada ya kuwaka, na mwisho kabisa mfumo unajaribu kusoma namna faili zilivyopangwa ndani yake. Njia hii ikikatika popote, macho yako yanaona kitu kilekile: hakuna flashi. Ndiyo maana dalili moja haitoshi kumhukumu yeyote.

Kuna sehemu ya njia hii inayowapoteza hata wazoefu. Poti ya USB 2.0, toleo la mwaka 2000, ina mistari minne: mmoja wa umeme wa volti 5, miwili ya data na mmoja wa kurudisha umeme. Toleo la USB 3.0 la mwaka 2008 liliongeza mistari mitano juu ya ile minne, hivyo poti ya kawaida ya USB 3, ambayo mara nyingi ina plastiki ya bluu ndani, ina mistari tisa. Kipanya cha waya kinatumia ile minne tu. Kwa hiyo anayesema "kipanya kinafanya kazi, basi poti ni nzima" amepima chini ya nusu ya poti. Ile mitano ikiwa imeshika kutu, kipanya kitacheza vizuri huku diski ya nje ikikatika kila dakika, na lawama zote zitaangushiwa Windows.

Basi andaa vifaa viwili vya kupimia: kipanya cha waya na flashi ya USB 3, vyote vikiwa vimethibitishwa kwenye kompyuta nyingine siku hiyohiyo. Usipime kwa simu, kwa kuwa nyaya nyingi za simu zinapitisha umeme wa kuchaji tu na hazina mistari ya data. Usipitie kwenye hab pia. Hab ni mgonjwa mwingine anayeweza kuwa na maradhi yake.

> TAHADHARI KABLA YA KUANZA
>
> ☐ Windows ikikuambia diski inahitaji kufomatiwa ndipo itumike, kataa. Flashi iliyopangwa kwa ext4 ndani ya Linux haisomeki Windows bila programu ya ziada. Poti ni nzima, faili ni nzima. Kitakachoua faili ni kidole chako.
>
> ☐ Kabla ya kugusa BIOS, angalia kama diski ya Windows imefungwa kwa BitLocker: fungua kidirisha cha amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika `manage-bde -status`. Kama imefungwa, tafuta ufunguo wa kuokolea wenye tarakimu 48 na uuandike kwenye karatasi. Ukiuhifadhi ndani ya laptopu hiyohiyo, umefungia ufunguo ndani ya nyumba.
>
> ☐ Piga picha kila ukurasa wa BIOS kwa simu kabla ya kubadilisha chochote.
>
> ☐ Poti inanuka kuungua, ni ya moto, au vijimeno vyake vinagusana? Usichomeke kitu kingine humo. Ruka hadi sehemu ya fundi.

Zima kweli, siyo kuzima kwa Windows

Ushahidi wa mifumo miwili una thamani tu ikiwa mmoja haumchafui mwenzake, na hapa ndipo Windows inapoharibu kesi. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinachoitwa Fast Startup. Ukibonyeza Shut down, Windows haizimi kikamilifu. Inahifadhi hali ya kiini chake na draiva zake kwenye diski, halafu ukiwasha kesho inairudisha ilivyokuwa ili iwake upesi. Draiva ya USB iliyochanganyikiwa jana inaweza kuamka leo na mchanganyiko wake uleule. Ndiyo sababu watu huzima na kuwasha mara tatu bila nafuu, kisha wakibonyeza Restart mara moja tatizo linatoweka, maana Restart huanza upya kwelikweli. Jina linadanganya: kitufe cha kuzima ndicho kisichozima.

Kwa mwenye mifumo miwili ubaya unazidi. Windows iliyolala nusu inaacha vifaa vingine katika hali ambayo Linux haikuitarajia, na inaacha diski yake ikiwa wazi, kiasi kwamba Linux hugoma kuandika humo. Ugomvi wa namna hii juu ya chuma cha pamoja unaujua tayari hata kama hukuupa jina. Ukitoka Linux kuingia Windows, saa hurudi nyuma kwa saa tatu. Ni saa nane mchana, Windows inadai ni saa tano asubuhi. Saa ya ndani ni moja, Linux inaiandika kwa wakati wa dunia, Windows inaisoma kama wakati wa hapa, na Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya wakati wa dunia. Hakuna aliyesema saa imeharibika. USB nayo inastahili subira hiyohiyo.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Chomoa kila kitu kwenye poti zote, hata kile kidude cha kipanya kisicho na waya.
2. Ndani ya Windows, fungua kidirisha cha amri na uandike `shutdown /s /t 0`. Amri hii inazima kikamilifu.
3. Chomoa chaja. Kama betri inatoka kwa mkono, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki kwenye ubao uishe. Kama betri imefungwa ndani, shikilia tu kitufe. Usiifungue mashine kwa sasa.
4. Rudisha betri na chaja, washa, na kwenye menyu ya GRUB chagua Linux.
5. Chomeka kipanya kwenye kila poti, kisha flashi kwenye kila poti. Andika matokeo.
6. Washa upya kwa Restart, ingia Windows, rudia vilevile: vifaa vilevile, poti zilezile.

Karatasi yako ianze na majina ya poti, mfano "kushoto mbele, kushoto nyuma, kulia". Usiandike "haifanyi kazi" tu. Andika ni kifaa gani, ndani ya mfumo gani, na mara ngapi kati ya tano. Poti inayokubali mara tatu na kukataa mara mbili ina ugonjwa tofauti na ile isiyokubali kabisa.

Ikiwa tatizo limeisha baada ya hatua hizi, zima Fast Startup moja kwa moja: Control Panel, Power Options, Choose what the power buttons do, kisha ondoa alama kwenye Turn on fast startup. Windows itachelewa sekunde chache kuwaka. Kwa laptopu ya mifumo miwili hiyo ni bei ndogo, na kwa maoni yangu ilipaswa kuzimwa siku ile Linux ilipowekwa.

Linux inasema zaidi, ianze yenyewe

Windows ikishindwa kusoma kifaa, aghalabu hutoa sentensi moja ya jumla. Linux huandika kila hatua ya salamu kati ya kompyuta na kifaa, na maandishi hayo yako wazi kwa yeyote. Fungua terminali, andika `sudo dmesg -w`, weka nenosiri lako, halafu chomeka flashi huku ukitazama. Mistari mipya inatokea chini. Hii ndiyo sura ya poti nzima:

`usb 2-1: new SuperSpeed USB device number 3 using xhci_hcd`

Na hii ndiyo sura ya poti yenye matatizo:

`usb 1-2: new high-speed USB device number 7 using xhci_hcd`
`usb 1-2: device descriptor read/64, error -71`
`usb 1-2: device not accepting address 8, error -71`
`usb usb1-port2: unable to enumerate USB device`

Isome polepole, haina uchawi. Mstari wa kwanza unasema kompyuta imehisi kitu kimechomekwa, kwa hiyo umeme unapita na poti haijafa kabisa. Wa pili unasema kompyuta imekiuliza kifaa "wewe ni nani?" na jibu limefika likiwa limevurugika, kosa namba 71 ni la mazungumzo yaliyoharibika njiani. Wa tatu, kompyuta imempa mgeni anwani, hakuipokea. Wa nne, imekata tamaa. Hadithi kama hii kwa flashi iliyothibitika kwingine inaelekeza kwenye vijimeno vichafu, waya au utepe uliolegea, mara nyingi kuliko kwenye draiva. Ukiona namba 110 badala ya 71, maana yake muda wa kusubiri umekwisha bila jibu. Mara nyingine Linux inakuuliza yenyewe kama waya ni mbovu, kwa mstari huu: `Cannot enable. Maybe the USB cable is bad?`

Angalia pia neno la mwendo. Flashi ya USB 3 kwenye poti ya bluu inapaswa kuandikiwa SuperSpeed, yaani gigabiti 5 kwa sekunde au zaidi. Ikiandikiwa high-speed, imeshuka hadi megabiti 480 za USB 2, na sababu ya kwanza ya kushuku ni ile mistari mitano ya ziada. Poti hii itakuambia "nafanya kazi" ndani ya mifumo yote miwili, na bado ni mgonjwa.

Ukikuta `over-current condition`, acha kupima poti hiyo. Kompyuta inasema umeme uliotoka pale umezidi, ama kwa sababu kifaa kinanyonya kupita kiasi ama vijimeno vinagusana. USB 2 inatarajiwa kutoa hadi miliampia 500, USB 3 hadi 900. Diski kuukuu ya nje inaweza kutaka zaidi ya hapo inapoanza kuzunguka.

Ukikuta `xHCI host controller not responding, assume dead`, usiogopeshwe na hilo neno la mwisho. Linux imeacha kusikia kutoka kwa kidhibiti, na mara nyingi kinaweza kufufuliwa bila kuzima mashine. Andika `lspci | grep -i usb` upate namba yake. Kwenye laptopu nyingi za Intel ni 00:14.0, na hapo amri ni hizi mbili, ya kwanza kukitoa na ya pili kukirudisha:

`echo -n "0000:00:14.0" | sudo tee /sys/bus/pci/drivers/xhci_hcd/unbind`
`echo -n "0000:00:14.0" | sudo tee /sys/bus/pci/drivers/xhci_hcd/bind`

Weka namba ya mashine yako, siyo ya mfano. Kila kilicho kwenye USB kitakatika kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo usifanye hivi kama kuna faili zinanakiliwa. Ikifufuka kwa njia hii, kisha ikafa tena baada ya mashine kulala, tatizo liko kwenye usimamizi wa umeme, na poti huna haja ya kuigusa.

Kipimo cha mwisho ndani ya Linux wengi hawakijui. Andika `lsusb`. Kamera ya laptopu na Bluetooth, ingawa huzioni zikichomekwa popote, kwa kawaida ni vifaa vya USB vilivyounganishwa ndani. Zikitokea kwenye orodha, na `lsusb -t` ikionyesha ziko chini ya kidhibiti kilekile cha poti zako, basi kidhibiti kiko hai na ubao mkuu hauna kosa kubwa. Ugonjwa uko kati yake na mdomo wa poti. Fundi akikuambia "madabodi imeungua" huku kamera inakuonyesha sura yako, una haki ya kumuuliza amejuaje.

Windows, kwa ufupi

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Device Manager, fungua sehemu ya Universal Serial Bus controllers. Kifaa chenye alama ya hitilafu kina namba, utaiona kwenye Properties zake. 43 ina maana kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu. Iandike, lakini usiiamini mpaka uilinganishe na Linux, kwa kuwa hutokea kwa flashi mbovu, poti chafu na draiva mbaya sawasawa. 28 ina maana draiva haijawekwa. 22 ina maana mtu amekizima kwa mkono, na hiyo inatibiwa kwa mbofyo mmoja wa Enable.

Ikiwa Linux imesema poti ni nzima na Windows inakataa, fuata njia hii: bofya kulia kwenye kila USB Root Hub, ingia Properties, Power Management, uondoe ruhusa ya kuzimwa ili kuokoa umeme. Washa upya. Bado? Bofya kulia kwenye kidhibiti chenyewe, chagua Uninstall device, washa upya kwa Restart, na Windows itakiweka tena yenyewe. Hakikisha kipadi cha laptopu kinafanya kazi kabla ya hapo, maana kipanya cha USB kitakufa katikati ya zoezi. Bado? Chukua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu yako kwa namba kamili ya modeli. Zile programu zinazojitangaza kuwa zitatafuta draiva zote kwa mpigo mmoja, ziache huko huko ziliko.

Ikiwa kinyume chake ndicho kilichotokea, Windows nzima na Linux inagoma, anza na keneli, yaani kiini cha Linux. Kwenye GRUB ingia Advanced options, chagua keneli ya zamani iliyobaki kwenye orodha. Poti zikirudi, umepata mkosaji bila kufungua skrubu hata moja. Tumia hiyo ya zamani hadi masasisho yajayo. Kama hazijarudi, kwenye GRUB bonyeza herufi e juu ya Ubuntu, tafuta mstari unaoanza na neno linux, mwishoni ongeza `usbcore.autosuspend=-1`, kisha F10. Kwa kawaida Linux inalaza kifaa cha USB baada ya sekunde 2 za kutotumika, pale kinaporuhusu. Nyongeza hii inazuia hilo kwa safari hiyo moja tu, na ukiwasha upya yote yanarudi kama zamani.

Shahidi wa tatu hana mfumo

Pingamizi la haki dhidi ya hoja ya mwongozo huu ni hili: mifumo yote miwili ikikataa, je, si inawezekana yote miwili ina kosa la programu? Inawezekana, ingawa makosa mawili tofauti kwenye poti moja siku moja ni bahati mbaya ya kupindukia. Ndiyo maana kuna BIOS, inayoamka kabla ya Windows na Linux. Chomeka kibodi ya USB kwenye poti inayoshukiwa, washa, uingie BIOS kwa F2, F10, Esc au Delete kulingana na mtengenezaji. Kibodi hiyo ikitembea ndani ya BIOS, ile mistari minne ya msingi ni mizima hata kama mifumo yote miwili imekataa.

Ukiwa humo, tafuta ukurasa wenye neno USB. BIOS nyingi za laptopu za kikazi zina mahali pa kuzima poti za nje, na ofisi huzizima ili wafanyakazi wasitoe faili kwa flashi. Laptopu hizo zikistaafishwa Ulaya au Marekani, zinauzwa mtumba hadi Kariakoo na Luthuli Avenue, na si kila muuzaji amefungua BIOS kuangalia. Poti iliyozimwa hivi imekufa ndani ya Windows, imekufa ndani ya Linux, haiandiki hata mstari mmoja kwenye dmesg, na bado chuma chake ni kizima kama siku kilipotoka kiwandani. Hapa mashahidi wawili wanaweza kukubaliana na wote wakakosea. Usijaribu kutibu kwa kurudisha BIOS yote kwenye hali ya kiwandani, kwa sababu hiyo inaweza kubadilisha namna diski inavyosomwa, na utatoka na poti inayofanya kazi na Windows isiyowaka. Badilisha kipengele kimoja, hifadhi, pima.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine: poti imekubali ndani ya Linux mara moja, basi chuma kimesafishwa jina? Hapana. Vijimeno vilivyolegea hukubali na kukataa kwa zamu, na anayepima mara moja kila upande anaweza kuuita mtikisiko wa mkono "kosa la Windows". Ndiyo sababu ya kuandika mara tano. Poti za kawaida za USB hutengenezwa kustahimili angalau michomeko 1,500. Anayechomeka mara nne kwa siku anafika hapo ndani ya mwaka mmoja na siku chache. Ukisogeza flashi kidogo juu na chini huku dmesg ikiandika kukatika na kuunganika, hukumu imepatikana na hakuna draiva itakayoibadilisha.

Na pingamizi la tatu, kwamba kupiga Windows upya ni rahisi kuliko haya yote. Ni rahisi kwa anayepiga. Kwako wewe, Windows mpya inaweza kujiweka mbele na kuificha GRUB usiione Linux, na akikosea kuchagua sehemu ya diski, Linux yote inaondoka. Halafu kama tatizo lilikuwa kijimeno chenye kutu, utabaki na Windows mpya kabisa na poti ileile.

Kusafisha

Zima kabisa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka. Mulika ndani kwa tochi ya simu: unatafuta nyuzi, vumbi lililogandamana, kijimeno kilichopinda, au kile kiulimi cha plastiki kilichovunjika. Ng'oa uchafu kwa kijiti cha mbao, kamwe si sindano wala pini. Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, na visiwani, hewa ya chumvi huacha utando wa kijani au mweupe kwenye shaba. Kwa huo tumia alkoholi ya isopropili isiyopungua asilimia 90 kwenye brashi laini, na uache ikauke nusu saa. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Vijimeno vilivyopinda usivinyooshe mwenyewe, kwani vikigusana, cha volti 5 na cha kurudisha umeme, poti inayofuata kuungua inaweza kuwa ya jirani.

Ukifika kwa fundi

Peleka karatasi yako, usipeleke hukumu. Ukimwambia "Fundi, poti za kushoto zote mbili zinagoma ndani ya Windows, Linux na BIOS, ya kulia ni nzima, kamera inaonekana kwenye lsusb", umeshamwonyesha mahali pa kufungua. Poti zote za upande mmoja zikifa pamoja, kinachoshukiwa kwanza ni kile kibao cha pembeni au utepe wake, ambao wakati mwingine unahitaji tu kuchomolewa na kurudishwa. Kibao hicho kwa modeli nyingi hupatikana kikiwa kizima, hakuna haja ya lehemu. Poti moja pekee iliyokufa, iliyokaa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, ndiyo inayohitaji kuungwa upya kwa lehemu. Hiyo ni kazi ya mkono uliozoea, kwa hiyo muulize kama ameshafanya ya modeli yako.

Usimwachie nenosiri lako. Linux na Windows zote zinakubali kuongezewa akaunti nyingine kwa ajili yake, na kupima poti hakuhitaji barua pepe zako. Kabla ya kulipa, omba laptopu ikiwa imeshafungwa skrubu zote, kwa kuwa utepe uliobanwa vibaya hukatika pale kifuniko kinaporudi. Washa Linux palepale kaunta, andika `sudo dmesg -w`, chomeka flashi yako ya USB 3 mara tano kwenye poti iliyotengenezwa, usome neno la mwendo kwenye mstari mpya. Ikisoma SuperSpeed mara zote tano, lipa. Ikisoma high-speed, ile mistari mitano haijashika. Irudishe mezani kwake kabla hajahamia kwa mteja mwingine.